Ukisema "nimetumia AI kidogo", niambie kidogo wapi

Alhamisi jioni kwetu Kondele, hapa Kisumu, ndio siku ya presha. Mazishi mengi ya huku ni Jumamosi, kwa hivyo programu za mazishi, vile vijitabu vya wasifu na salamu, lazima zitoke kwa printa kabla mwili haujatoka mochari, na mimi ndio mtu wa kuzipanga, nafanya dizaini na kuprinti, kila wiki nasoma wasifu wa marehemu watano sita hivi pamoja na salamu za watoto, za wajukuu, za chama na za kanisa. Na tangu ChatGPT itoke mwisho wa Novemba 2022 kuna kitu nimeona na kinaniuma, marehemu wameanza kufanana. Wote walikuwa nguzo, wote walikuwa taa, wote tabasamu lao liliangaza chumba.

Sasa kuna kijana mmoja, yuko chuo mwaka wa pili, alinitumia shairi la wajukuu kwa WhatsApp. Nyanya yake alikuwa anakaanga mgongo wazi kule Obunga, na kama hujui mgongo wazi ni ule mfupa wa samaki mbuta (sangara) unaobaki baada ya kiwanda kutoa minofu ya kupeleka ng'ambo, akina mama wanaununua wanaukaanga wanauza, na watoto wengi wa Kisumu wamesomeshwa na hiyo biashara. Shairi lilikuwa zuri, vina viko sawa, mizani iko sawa. Ila lilisema jikoni kwake kulinukia mdalasini, na kwamba ameondoka kama jani la vuli, ile ya Ulaya ya majani kupukutika. Shangazi yake alikuwa amekaa hapo kando akilisoma kwa sauti ndio tuangalie makosa, akafika katikati akanyamaza, akaniambia, "Nyar Seme, huyu mtu simjui." (Nyar Seme ni mimi, binti wa Seme.) Kijana akasema haraka, "Waya," ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo, "nilitumia tu AI kidogo." Na huyo mama akamuuliza, "Kidogo wapi?"

Hilo swali sijaliacha tangu siku hiyo. Watu wanabishana sana kuhusu kama ni lazima useme umetumia AI (akili unde, kama unapenda Kiswahili cha vitabu) kwenye hadithi, shairi, wimbo, picha, na ukiwasikiliza karibu wote wanabishana kuhusu kiasi, ilikuwa nyingi ama kidogo, ni asilimia ngapi. Waya hakuuliza asilimia. Aliuliza wapi. Na mimi naona fundo lote liko hapo, na ukilishika hapo linafunguka.

Angalia kilichotokea Japani. Januari 2024 mwandishi Rie Qudan alishinda Tuzo ya Akutagawa, moja ya tuzo kubwa kabisa za fasihi kule, na akasema mwenyewe kwamba kama asilimia 5 ya riwaya yake ni maneno yaliyotoka kwa AI neno kwa neno. Kelele ikapigwa dunia nzima, watu wanasema tuzo imepewa mashine. Baadaye akaeleza kwamba hayo maneno yako pale ndani ya hadithi ambapo AI inajibu swali, yaani AI imeandika maneno ya AI. Sasa ona, ile namba 5 haikubadilika hata kidogo lakini ukishajua ni wapi maana yake yote inageuka. Kama hiyo asilimia 5 ingekuwa ni ile kurasa ambayo mhusika anamlilia mama yake, mimi ningesikia nimeibiwa, na bado ni asilimia 5.

Miezi kadhaa kabla ya hapo, Aprili 2023, kulikuwa na ile ya Mjerumani Boris Eldagsen kwenye mashindano ya Sony World Photography Awards, akashinda kitengo kimoja na picha ya wanawake wawili inayokaa ya zamani, halafu akaikataa zawadi akisema hiyo sio picha ya kamera, imetengenezwa na AI, na kwamba alitaka kuona kama mashindano yako tayari kwa jambo kama hilo. Waandaaji nao wakasema alikuwa amewaambia mapema kwamba picha ni ushirikiano wake na AI. Watu wawili, neno moja "ushirikiano", na kila mmoja anaelewa lake. Mmoja anaona kamera ilikuwepo na AI ikasaidia, mwingine anajua kamera haikuwepo kabisa. Hiyo ndio hasara ya tangazo la jumla, unaweza kuwa umesema na bado hujasema.

Nitoe mfano wa kazi yangu kwa sababu huu naujua kwa mkono. Familia inakuja na picha moja tu ya mzee, ile ndogo ya kitambulisho, imekwaruzwa, wanataka ikae ukurasa mzima wa mbele. Zamani nilikuwa nasema haiwezekani itatoka na ukungu. Siku hizi kuna programu za AI unaiwekea picha ndogo inakupa kubwa safi, kila nywele inaonekana. Lakini kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba zile nywele hazikuwa kwa picha. Kompyuta haiwezi kuona kitu ambacho hakikupigwa, inachofanya ni kukisia kutokana na nyuso nyingi ilizofunzwa nazo, kwamba mahali kama hapa kwa kawaida huwa kuna jicho la namna hii, meno ya namna hii. Nilishamkuzia mama mmoja picha ya mume wake na ikarudi na meno yote ya chini, na huyo mzee alikuwa ametolewa meno ya mbele ya chini akiwa kijana, vile wazee wengi Waluo wa rika lake walifanyiwa. Mke wake aliangalia skrini muda mrefu sana. Hakukasirika, aliniambia tu polepole nirudishe ile yenye ukungu.

Kuondoa mikwaruzo kwa ile picha, sidhani kuna mtu anahitaji kutangaziwa. Kubadilisha rangi ya nyuma ya ukuta, pia sioni shida. Lakini uso, uso ndio kitu ambacho watu walikuja kuona, na kama umekisiwa lazima mtu aambiwe. Ni programu ileile, ni kubonyeza kulekule, tofauti ni mahali ilipogusa.

Kwa hivyo mtu akisema kazi "imetengenezwa na AI" ama "imetengenezwa na binadamu", mimi najiuliza kazi gani kati ya zile nyingi zilizo ndani. Enda Tabaka kule Kisii ujionee kinyago cha mawe kinavyotengenezwa. Kuna anayechimba jiwe, kuna anayelikata umbo, kuna akina mama wanaosugua kwa msasa na maji mpaka linang'aa, kuna wa kuchora maua na kupaka rangi, halafu linafika dukani limeandikwa ni la mkono na ni kweli ni la mkono, ila ni mikono mingi na hakuna anayesema wa nani ulifanya nini. Hadithi pia iko hivyo. Kuna wazo, kuna kupanga matukio, kuna sentensi zenyewe, kuna kuhariri, kuna tafsiri, kuna jalada, na siku hizi kuna sauti ya kusoma. AI inaweza kuingia popote hapo na msomaji hawezi kujua ni wapi asipoambiwa.

Makampuni makubwa yameanza kuligundua hili, kila mmoja kwa njia yake. Amazon kwa ile huduma yao ya kujichapishia vitabu, KDP, tangu Septemba 2023 wanamtaka mwandishi aseme kama maandishi, picha ama tafsiri zimezalishwa na AI, hata kama baadaye alizihariri sana. Lakini kama uliandika mwenyewe na AI ikakusaidia tu kusahihisha ama kuchangamsha mawazo, hiyo wanaiita msaada na hawakuulizi. Ni mpaka mzuri kiasi, nani alizaa sentensi. Shida ni kwamba unawaambia Amazon, humwambii msomaji, ile fomu inabaki kwao. YouTube wao Machi 2024 wakaweka kwamba lazima useme kama video ina kitu kinachofanana na ukweli na sio kweli, kama mtu halisi kuonyeshwa akisema maneno ambayo hakusema, ila ukitumia AI kuandika skripti tu haikuhusu. Yaani YouTube hawajali nani aliandika, wanajali kama mtazamaji atadanganyika kuhusu tukio. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa na watu wanayachanganya kila siku.

Na Meta ndio walionyesha wazi vile lebo ya ndio-ama-hapana inavyoharibu mambo. Walianza 2024 kuweka alama kwa Instagram na Facebook kwamba picha imetengenezwa na AI, na wapiga picha wakaanza kulalamika kwamba picha zao halisi kabisa, za kamera, zinapigwa hiyo alama kwa sababu tu waliondoa kitu kidogo kwa programu ya kuediti yenye AI ndani. Kufika Julai mwaka huohuo Meta wakabadilisha maneno ya alama ikawa inasema tu kuna maelezo ya AI, bonyeza uone. Hizo alama zinasomwa kutoka kwa taarifa zilizofichwa ndani ya faili, na kuna mfumo wa pamoja wa kuziweka unaitwa C2PA, ni kitu kizuri sana kwa nadharia. Kwa huku kwetu ambako kila kitu kinapita WhatsApp, skrinshoti moja tu na hizo taarifa zote zimeenda. Ndio maana nasema tangazo la kweli ni lile limeandikwa kwa maneno ya mtu, juu ya kazi yenyewe, mahali jicho linafika.

Kuhusu sheria wacha nipite haraka lakini kuna jambo moja lazima litenganishwe, kumiliki kazi na kuwa mkweli kuhusu kazi ni vitu viwili. Sheria yetu ya Hakimiliki hapa Kenya, ya 2001, inasema kwamba kwa kazi iliyozalishwa na kompyuta, mtunzi ni yule mtu aliyefanya mipango iliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Ilichukua njia ile ya Uingereza ambao waliiweka kwa sheria yao ya 1988, wakati hakuna aliyekuwa anawaza mashine ya kutunga mashairi. Marekani wameenda upande mwingine, wanataka mkono wa binadamu. Februari 2023 ofisi yao ya hakimiliki iliangalia kitabu cha picha ambacho maandishi na mpangilio ni vya mtu lakini picha zilitoka kwa Midjourney, AI ya kutengeneza picha, wakasema maandishi na mpangilio ni vyako, picha sio zako. Wakagawanya kazi, wakasema wapi. Na tangu Machi 2023 ukienda kusajili kwao kazi ambayo AI imefanya sehemu ya maana lazima uitaje. Machi 2025 mahakama ya rufaa kule ikasisitiza kwamba mashine haiwezi kuwa mtunzi. Umoja wa Ulaya wamepitisha sheria yao ya AI 2024, na kwa kazi za sanaa inaruhusu utangaze kwa njia isiyoharibu kazi yenyewe, China nao tangu Septemba 2025 wanataka alama inayoonekana na nyingine iliyofichwa ndani ya faili.

Kwa hivyo hapa Kenya unaweza kuwa mwenye hakimiliki kwa sababu wewe ndio ulipanga mambo, na bado ukawa umemdanganya msomaji. Karatasi ya kumiliki haimwambii Waya kwamba huyu mjukuu alimkumbuka nyanya yake.

Kuna wengine wananiambia mbona hii kelele inaanza na AI wakati watu wameandikiwa tangu zamani. Ni kweli, na huku tunajua zaidi ya wengi. Miaka mingi kabla ya ChatGPT vijana wengi wa Kenya walikuwa wanalala mchana na kuamka usiku kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao, kwa bei ndogo, na jina lao halikutokea mahali. Wasifu wa marehemu vijijini uliandikwa na mwalimu mmoja, yule mwenye mwandiko mzuri. Ila huyo mwalimu alikuwa anakuja nyumbani, anakaa chini ya mti anauliza, mama alizaliwa wapi, aliolewa mwaka gani, alipenda nini, na kama alikosea kuna mtu wa kumshika mkono. Mwandishi wa kufichwa bado alikuwa mtu anayejibika. Mashine haiulizi, inajaza. Ukiipa mistari miwili kuhusu nyanya mkaanga samaki itakujazia mdalasini.

Na hata mashine yenyewe, ndani yake kuna mikono yetu ambayo haikutajwa. Jarida la Time liliandika Januari 2023 kuhusu Wakenya waliokuwa wanasoma na kupanga maandishi machafu kabisa ndio ChatGPT ijifunze kuyakwepa, wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mimi nikifikiria kutangaza nafikiria na hao.

Sasa kuna hatari moja upande wa pili na huku inatuumiza kuliko wengine. Watu wakikosa tangazo wanaanza kuwinda, wanaweka maandishi yako kwa programu za kupima kama ni AI. Hizo programu sio za kuaminika. OpenAI wenyewe, wenye ChatGPT, walitoa yao mapema 2023, ilikuwa inatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya AI, na Julai mwaka huohuo wakaifunga. Watafiti wa Stanford nao 2023 walichukua insha 91 za watu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza, za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, wakazipima kwa programu saba, na kwa wastani zaidi ya nusu zikaambiwa ni za mashine. Insha za watu! Sababu inaeleweka, hizi programu zinaangalia kama maneno yako yanatabirika, na mtu aliyefunzwa Kiingereza cha shule, sentensi safi, maneno ya kamusi, anaandika kwa kutabirika. Yaani mtoto wa Kakamega aliyepigiwa kelele miaka minane aandike kwa nidhamu ndio anaonekana roboti. Kwa hivyo kama unaandika, weka rasimu zako, weka karatasi ulizofuta, weka zile voice note ulijitumia usiku, usitupe. Kuonyesha ulivyofika hapo ni ushahidi bora kuliko namba yoyote ya programu.

Niseme pia ukweli ambao hatupendi kusema, ukitangaza unapoteza. Kastoma mmoja nilimwambia mchoro wa nyuma ya posta yake umetoka kwa AI na mimi nimepanga maandishi, rangi na picha, akaniambia basi hiyo 1,500 ni ya nini, kama ni AI si ni bure. Nilikaa chini nikamwonyesha faili, matabaka yote, nikamzimia mchoro ule akabaki na kila kitu kingine, ndio akaelewa anacholipia. Ningekuwa nimesema tu "nimetumia AI" ningelipwa 300. Kutaja mahali kulinilinda mimi pia, na hii nawaambia wasanii wenzangu wanaoogopa, kinachowaua ni ile sentensi ya jumla, inafagia hadi kazi yenu ya mkono.

Halafu kutaja mtu aliyefanya sio jambo geni huku. Msikilize mwimbaji wa benga, katikati ya wimbo anajitaja, mimi fulani wa mahali fulani, anamtaja mpiga gitaa, anawataja marafiki. Mpiga nyatiti, kile kinubi cha Waluo, hata anasimamisha wimbo ndio mtu ajisifu kwa jina lake, hiyo tunaiita pakruok. Mafundi wa kuandika mabango hapa Kondele wanaweka jina na namba ya simu kwa kona ya ukuta, chini ya ule mchoro wa kuku ama wa tairi. Watu wa huku hutaja nani alifanya nini ndani ya kazi yenyewe, kwa hivyo kuongeza mstari mmoja wa AI hakuharibu kitu.

Mstari wenyewe uwe wa kawaida. "Hadithi nimeandika mwenyewe, ChatGPT imenisahihisha tahajia" (hata huu ukiacha mimi sikushtaki). "Wazo na wahusika ni wangu, sura ya tatu na ya nne niliandikiwa na AI halafu nikazibadilisha." "Picha ya jalada imekuzwa na kompyuta, uso umekisiwa, ya asili iko ukurasa wa mwisho." "Sauti inayosoma sio ya mtu." Kama unaandika hadithi ya kubuni mdalasini wako ni sawa hata kama ulitoka kwa mashine, msomaji anajua unabuni, ila kama unasema mimi nilikuwepo, mimi nilimjua, basi maneno ya pale yawe yako, na kama sio yako hakuna lebo ya kuyaponya. Hapo sio suala la kutangaza tena, ni kuandika upya.

Yule kijana aliandika upya. Alikaa kwa benchi nje na biro na karatasi zangu zilizoharibika, saa moja na nusu, printa inangoja. Alirudi na mistari minane isiyo na vina. Kwamba dana, yaani nyanya, alikuwa anajua mfupa uliolala kwa kunusa tu gunia. Kwamba mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za mafuta moto na wao wajukuu walikuwa wanazihesabu akiwa amelala. Kwamba alikuwa anaficha pesa ya fees kwa debe la unga na noti zilikuwa zinafika shuleni nyeupe. Tukahitaji Kiingereza kwa ajili ya wageni wa Nairobi na muda umeisha, tukaweka kwa ChatGPT, ikatafsiri mgongo wazi kama nguo iliyoachwa wazi mgongoni, Waya akashika biro akarekebisha. Chini kabisa kwa herufi ndogo nikaandika, "Maneno ni ya mjukuu. Tafsiri ni ya ChatGPT, imesahihishwa na shangazi."

Waya alivaa miwani akausoma huo mstari, akaniambia niongeze saizi watu waone. Nikatoa ya 8 nikaweka 11, tukaprinti kopi 200.